Utando Nyuma ya Kigae: Ujenzi wa Tangi la Samaki la Plaiwudi Rubavu

Tangi la samaki linalojengwa kwa plaiwudi na kuwekwa vigae ndani hukutanisha kazi ambazo kwa kawaida hugawanywa kati ya mafundi kadhaa, yaani useremala, upakaji wa kinga, uwekaji wa vigae na ukataji wa vioo, na juu ya zote hizo ufugaji wa samaki wenyewe. Kila fani ina kanuni zake, na kanuni hizo hazipatani daima, kwa kuwa mbao huvimba na kusinyaa ilhali kigae hakibadiliki, saruji huachia chumvi kali ndani ya maji, na samaki hudhurika kwa kiasi cha sumu ambacho binadamu hawezi hata kukinusa. Sura hii inaeleza jinsi kanuni hizo zinavyoweza kupatanishwa, na hoja yake kuu ni kwamba kigae hakizuii maji. Kinachozuia maji ni utando, yaani tabaka jembamba lisilo na mshono linalopakwa juu ya mbao kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa, na kigae kinachofuata ni ngao ya utando huo dhidi ya mawe, mikwaruzo na brashi ya kusafishia.

Mji wa Gisenyi, ulio katika Wilaya ya Rubavu kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Kivu, umechukuliwa kuwa mfano kwa sababu tatu. Kwanza, ziwa lenyewe lina takriban spishi 15 za samaki wa jenasi ya Haplochromis, jamaa wa wale wanaoitwa furu katika Ziwa Viktoria, ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani na ambao wakazi wengi wa kingo za ziwa hilo hawajapata kuwatazama wakiwa hai kwa karibu. Pili, Gisenyi imeshikana na Goma kiasi kwamba mpaka wa Rwanda na Kongo unapita kati ya nyumba na nyumba, na biashara ya miji hiyo miwili, ambayo kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa Kiswahili, huleta mbao, vigae na kemikali za ujenzi kutoka pande nyingi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwa mjenzi, ardhi ya Rubavu hutikisika, na chombo chochote cha maji kinachojengwa hapo hakina budi kusanifiwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Somo la mabirika na majahazi

Tatizo la kutenganisha kazi ya kuzuia maji na kazi ya kupamba si geni katika Afrika Mashariki. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, birika la maji ya kuogea lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na katika sakafu yake mara nyingi palizamishwa bakuli la kauri lililotoka Uchina. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipopungua, bakuli lilibaki na maji ya kutosha kuwahifadhi samaki hao mpaka birika lijazwe tena. Kauri hiyo ilikuwa na uzuri na manufaa yake, lakini haikuwa na sehemu yoyote katika kuzuia maji yasivuje, kwani kazi hiyo ilifanywa na lipu iliyolikumba birika lote bila kukatika, nyuma na chini ya bakuli.

Mafundi wa majahazi nao waliitatua nusu ya pili ya tatizo, yaani jinsi ya kuzuia maji kwenye mbao ambazo hazitulii. Nafasi kati ya ubao na ubao zilijazwa pamba iliyolowekwa mafuta, kazi inayoitwa kutia kalafati, na sehemu ya chini ya chombo ikapakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Vitu vyote viwili ni laini, na ulaini huo ulikuwa wa makusudi, kwa sababu kijazo kigumu kingepasuka mara tu mbao zilipovimba au chombo kilipopigwa na mawimbi. Tangi la plaiwudi lenye vigae linarithi masomo yote mawili, kwa maana linahitaji tabaka lisilokatika kama lipu ya birika, na linahitaji maungio yanayokubali mwendo kama kalafati ya jahazi.

Jinsi maji yanavyosukuma

Kabla ya kuchagua kinga, mjenzi anapaswa kujua ukubwa wa kani inayomkabili. Maji yaliyotulia husukuma ukuta kwa kanieneo, yaani kani katika kila eneo, ambayo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka na ambayo haitegemei kabisa upana wa tangi, kwa hiyo ukuta wa tangi jembamba na ukuta wa bwawa kubwa husukumwa sawasawa ikiwa kina ni kimoja. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kina cha maji cha sentimita 60, ambalo hubeba lita 432, ukuta mmoja mrefu husukumwa nje kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 216 hivi, na kitovu cha msukumo huo kiko theluthi moja tu kutoka chini, yaani sentimita 20 juu ya sakafu. Ndiyo maana maungio ya chini ndiyo huanza kuachia, na ndiyo maana mkanda wa mbao unaozunguka sehemu ya chini ya tangi una thamani sawa na ule wa juu ambao mafundi wengi huukumbuka.

Jambo jingine linalofuata kutoka hesabu hiyo ni kwamba kani yote ya ukuta hukua kwa mraba wa kina, hivyo tangi lililojazwa nusu hubeba robo tu ya msukumo litakaoubeba likijaa. Mjenzi anayelijaribu tangi lake kwa kulijaza nusu na kuliona halivuji amethibitisha kidogo sana, na jaribio la namna hiyo halipaswi kuhesabiwa.

Msukumo huo hufanya ukuta upinde. Plaiwudi ya milimita 18 isiyo na nguzo za nje hupinda kwa kiasi kinachoonekana kwa macho katika urefu wa sentimita 120, na kigae kilichobandikwa juu yake, ambacho hakiwezi kupinda, huachana na gundi yake au hupasuka kwenye maungio. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa vigae katika sakafu za mbao, kwamba mpindo usizidi sehemu moja ya 360 ya urefu usioshikiliwa, inafaa kuchukuliwa hapa pia, na kwa urefu wa sentimita 120 inaruhusu milimita 3 na kitu. Njia rahisi ya kuitimiza ni kuweka fremu ya mbao ngumu nje ya tangi, chini, juu na katikati, na kuunganisha kingo za juu kwa ukanda unaopita kutoka mbele kwenda nyuma.

Plaiwudi na gundi yake

Plaiwudi ni ubao unaotengenezwa kwa karatasi nyembamba za mti zilizomenywa kutoka kwenye gogo na kugandishwa zikipishana, nyuzi za karatasi moja zikikatiza nyuzi za inayofuata. Mpishano huo ndio unaoufanya ubao huo ufae kwa tangi, kwa kuwa mti huvimba sana kukatiza nyuzi zake na kidogo mno kufuata nyuzi, hivyo kila karatasi humzuia jirani yake. Mbao za kawaida zinaweza kutanuka kwa asilimia kadhaa kukatiza nyuzi zinapotoka kwenye ukavu na kulowa kabisa, ilhali plaiwudi hutanuka kwa takriban asilimia 0.2 tu katika urefu na upana wake. Hata hivyo asilimia 0.2 ya sentimita 120 ni zaidi ya milimita 2, na hakuna kigae wala grauti inayoweza kufuata mwendo huo, kwa hiyo dawa pekee ni kuhakikisha kwamba ubao haulowi kamwe.

Ubora wa plaiwudi hutegemea gundi yake kuliko mti wake. Plaiwudi ya ndani ya nyumba hugandishwa kwa gundi ya urea, ambayo huyeyuka taratibu inapopata unyevu, na plaiwudi ya nje na ya majini hugandishwa kwa gundi ya fenoli, ambayo huacha mistari myeusi kwenye kingo na huvumilia hata kuchemshwa. Kwa kuwa rangi ya mstari peke yake si ushahidi wa kutosha, fundi anaweza kukata kipande kidogo, akakichemsha kwa saa kadhaa, akakikausha na kukitazama tena, na iwapo karatasi zake zimeachana, ubao huo haufai hata ukiwa na muhuri wa kuvutia.

Ukavu wa ubao wakati wa kupakwa una uzito uleule. Rubavu ina mvua nyingi na hewa yenye unyevu wa ziwa, na ubao uliohifadhiwa bandani bila kuinuliwa sakafuni huwa na maji mengi kuliko asilimia 12 ambayo watengenezaji wengi wa kinga huiweka kuwa kikomo. Asiye na kipima unyevu anaweza kukiweka kipande cha ubao huo ndani ya chumba kikavu na kukipima uzito kila siku mpaka uzito uache kupungua, na ndipo atajua kwamba ubao mzima uliokaa katika chumba hicho uko tayari.

Utando na aina zake

Kinga za maji zinazopatikana madukani zimegawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni la saruji iliyochanganywa na mpira wa majimaji, ambayo hutumika sana katika bafu na matangi ya zege, na ambayo huzuia maji lakini huruhusu mvuke upite polepole. Juu ya zege sifa hiyo haina madhara, bali juu ya mbao mvuke huo hukusanyika mwaka baada ya mwaka na kuozesha ubao ulio nyuma ya ukuta unaoonekana mzima. La pili ni la poliyurethani na kinga nyingine za majimaji zinazokauka kuwa kama mpira, ambazo hutanuka vizuri lakini nyingi zimeundwa kwa maji yanayomwagika na kukauka, si kwa maji yanayokaa siku zote, na baadhi huwa na dawa za kuua kuvu ambazo ni sumu kwa samaki. La tatu ni la epoksi, utomvu wa sehemu mbili ambao hugeuka kuwa plastiki ngumu baada ya kuchanganywa, na ambao huzuia maji na hupunguza mvuke kuliko makundi mengine mawili.

Kwa tangi la plaiwudi, epoksi isiyo na kiyeyushi, iliyothibitishwa na mtengenezaji wake kufaa kwa maji ya kunywa au ya samaki, ndiyo inayopaswa kugusa mbao. Udhaifu wake ni ugumu, na udhaifu huo hushughulikiwa kwenye kona, mahali ambapo mbao mbili hukutana na ambapo mwendo wote wa tangi hukusanyika. Kona ya ndani haiachwi kali, bali hujazwa epoksi iliyofanywa nzito mpaka ipate umbo la mviringo, kisha juu yake hulazwa ukanda wa kitambaa cha nyuzi za kioo wenye upana wa sentimita 10 hivi na kulowanishwa kwa epoksi mpaka uonekane kama umetoweka. Kitambaa hicho huufanya ufa unaoanza katika mbao usiweze kupenya moja kwa moja hadi kwenye utando.

Upakaji wenyewe una adabu zake. Koti la kwanza hupakwa jepesi ili linywewe na mbao, na makoti mengine mawili au zaidi hufuata, kila moja likipakwa kukatiza mwelekeo wa lililotangulia. Hewa iliyo ndani ya mbao hutanuka joto linapopanda na kutoboa epoksi mbichi kwa vitundu vidogo kama vya sindano, kwa hiyo koti la kwanza hupakwa alasiri, wakati joto linaposhuka na mbao zinavuta badala ya kupumua. Lakini Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Gisenyi huwa na baridi na unyevu unaochelewesha epoksi kukauka na kuacha juu yake utelezi kama nta, ambao kila koti lijalo litateleza juu yake lisishike. Utelezi huo huondolewa kwa maji safi na sponji yenye ukwaruzo kabla ya kupiga msasa, kwani msasa unaotangulia maji huusambaza badala ya kuuondoa.

Kioo cha mbele hufungwa katika hatua hii, kabla ya vigae. Kwa kina cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, kioo cha milimita 12 ni chaguo la usalama, nacho huwekwa kutoka ndani ili maji yenyewe yakikandamize kwenye fremu, kikipishana na ubao kwa sentimita 5 hivi pande zote. Silikoni inayokishikilia iwe ile isiyo na dawa ya kuvu, na ishike utando moja kwa moja, isishike kigae, kwa kuwa kioo kilichogandishwa juu ya vigae hutegemea gundi ya vigae, na maji yanayopita nyuma ya kigae kimoja yatakizunguka kioo bila kuigusa silikoni.

Jaribio kabla ya kufunika

Hatua inayorukwa zaidi kuliko zote, na ambayo kurukwa kwake hugharimu zaidi, ni kulijaribu tangi kabla ya kuweka vigae. Maji yanayovuja nyuma ya vigae huingia mahali pamoja na kutokea pengine, wakati mwingine upande wa pili wa tangi, na fundi anayelazimika kubomoa ukuta mzima wa vigae ili kutafuta kitundu cha sindano mara nyingi hutoboa vingine akiwa kazini. Ilhali utando ulio wazi huonyesha kosa lake lenyewe, na kosa hilo hurekebishwa kwa msasa na brashi katika saa moja.

Epoksi ikishakauka kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, tangi huwekwa juu ya stendi yake ya kudumu na kujazwa kwa hatua, theluthi moja, kisha theluthi mbili, kisha hadi juu, huku kila hatua ikipewa siku nzima, na likishajaa huachwa kwa siku 7. Karatasi kavu hutandikwa chini na kuzunguka miguu ya stendi, kwa kuwa tone dogo linalokauka sakafuni huacha alama kwenye karatasi. Kwa kuwa maji hupungua pia kwa kuvukizwa, na upepo wa ziwa huongeza mvuke huo, beseni lenye kuta zilizonyooka hujazwa maji na kuwekwa kando ya tangi, na kiwango cha maji katika vyombo vyote viwili hupimwa kwa rula kila asubuhi. Vikipungua sawa, ni mvuke. Tangi likipungua zaidi ya beseni, utando una kasoro, hata kama karatasi zote ni kavu, maana maji hayo yanaingia kwenye ubao.

Vigae na maungio yake

Vigae, ambavyo Rubavu huitwa makaro, hutofautiana sana katika kiasi cha maji vinachokunywa. Kigae cha ukutani, ambacho hung'aa usoni na kuwa na udongo laini mgongoni, kinaweza kunywa maji yanayozidi asilimia 10 ya uzito wake, ilhali kigae cha poselini, kilichochomwa kwa joto kali zaidi, hakinywi zaidi ya asilimia 0.5. Ndani ya tangi hufaa poselini tu, na vipande vidogo ni bora kuliko vikubwa, kwa sababu maungio mengi madogo hugawana mwendo ambao ungalipasua maungio machache. Vigae vilivyofinyangwa kwa mikono na kupakwa rangi kwa joto la chini havifai hata vikiwa vizuri namna gani, kwa kuwa rangi zake zinaweza kuachia madini ya risasi au shaba, na shaba hudhuru samaki na huua konokono kwa viwango vidogo sana.

Gundi ya vigae haishiki vizuri juu ya epoksi laini iliyokwisha kukauka. Njia inayotegemewa ni kupaka koti la mwisho la epoksi, na lingali bichi kunyunyizia mchanga mkavu uliooshwa mpaka uso wote ukwaruze, kisha kufagia mchanga usioshika siku ya pili. Jaribio la maji lililoelezwa hapo juu hufanywa kabla ya koti hili. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 12004, gundi ya saruji iliyoboreshwa hupewa alama C2, na ile inayoweza kupinda huongezewa S1 au S2, nazo ndizo za kutafutwa kwenye mfuko, ingawa gundi ya utomvu, yenye alama R, ni bora zaidi kwa tangi dogo kwa kuwa haina saruji. Gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno na pia hupakwa mgongoni mwa kila kigae, ili pasibaki mfuko wa hewa ambao ungejaa maji yaliyotuama na kunuka.

Grauti, yaani kijazo cha nafasi kati ya vigae, hutumika mahali ambapo vigae viko kwenye ubao mmoja tu. Mahali ambapo ukuta hukutana na ukuta, au ukuta na sakafu, au vigae na kioo, grauti haitumiki kabisa, na nafasi ya milimita 4 au 5 huachwa na kujazwa silikoni, kwa sababu hapo ndipo mbao mbili husogea kila moja kwa njia yake. Kosa la kuijaza kona grauti ngumu halionekani siku ya kwanza, bali huonekana tangi linapojazwa na kumwagwa mara kadhaa, na grauti inayovunjika ikivuta kipande cha utando, kazi yote huharibika.

Ardhi inayotikisika

Mlima Nyiragongo, ambao wakazi wa Gisenyi huuona upande wa kaskazini, ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Katika mlipuko wa mwisho, lava ilisimama pembezoni mwa Goma, lakini kwa siku kadhaa zilizofuata myeyuko wa miamba ulijipenyeza chini ya ardhi kuelekea ziwani, na matetemeko mengi ya wastani yakapasua ardhi na kuta za nyumba nyingi mjini Gisenyi. Nyumba nyingi zilizoharibika hazikuwa zimeguswa na lava hata kidogo, na hilo linafundisha kwamba katika wilaya hii hatari ya kawaida zaidi kwa kitu kigumu ni mtikisiko.

Tangi la mfano lililoelezwa hapo juu, likiwa na maji, mawe, kioo na vigae, lina uzito unaozidi kilo 500, na vigae peke yake, vikiwekwa sakafuni na kwenye kuta tatu, huongeza takriban kilo 40. Wakati wa tetemeko mzigo huo husukuma stendi kando, jambo ambalo stendi nyingi zilizoundwa kubeba uzito wa kwenda chini tu haziwezi kulivumilia. Stendi inahitaji mbao za mshazari kwenye pande angalau tatu, miguu mipana, na kamba za chuma zinazoifunga kwenye ukuta imara wa nyumba, na maji ndani ya tangi yasifike ukingoni bali yaachiwe sentimita 8 hivi, kwa kuwa yanapoyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine hupanda ukutani na kumwagika juu ya taa na nyaya.

Mtikisiko huo ndio unaoeleza kwa nini mpangilio wa tabaka una maana zaidi Rubavu kuliko katika mji uliotulia. Grauti na vigae vitapata nyufa nyembamba siku moja, na nyufa hizo ni za kutazamiwa. Ikiwa kinga ilikuwa utando wenye kitambaa kwenye kona na silikoni kwenye maungio, ufa wa grauti ni dosari ya sura tu, inayoweza kusubiri, lakini ikiwa mjenzi alitegemea vigae na grauti kuwa ndiyo kinga, ufa uleule ni mwanzo wa kuoza kwa tangi. Baada ya kila tetemeko linalosikika, jaribio la beseni lirudiwe kwa siku chache.

Maji ya Kivu, maji ya mvua na saruji

Tabaka la juu la Ziwa Kivu, tofauti na maji ya vilindini yaliyojaa methani na kaboni dioksidi, ni maji yenye oksijeni na yenye ualkali mkubwa. Kipimo cha pH, ambacho huonyesha uasidi au ualkali wa maji huku 7 ikiwa katikati, hufikia takriban 9 juu ya ziwa hilo, kutokana na chumvi zinazoletwa na chemchemi za volkano. Samaki wa Kivu wamezoea hali hiyo, na saruji haidhuriki nayo. Hata hivyo saruji mpya huachia kalsiamu haidroksidi inayoweza kuipandisha pH kupita 12, kiwango ambacho hakuna samaki anayekivumilia, kwa hiyo tangi lililotumia gundi au grauti ya saruji huachwa likomae kwa siku 28, kisha hujazwa na kumwagwa mara kadhaa mpaka maji yaliyokaa humo siku mbili yaonyeshe pH ileile yaliyoingia nayo.

Kaya nyingi za ukanda wa volkano hukinga maji ya mvua, kwa sababu ardhi yake yenye vinyweleo hunywa mito kabla haijafika mbali. Maji hayo ni laini, yaani hayana madini, na kwa sababu hiyo huyeyusha chokaa ya grauti kidogo kidogo mpaka grauti igeuke kuwa mchanga. Anayekusudia kujaza tangi kwa maji ya mvua atumie grauti ya epoksi, au ayachanganye na maji ya ziwa, mchanganyiko ambao pia huwafaa furu kuliko maji ya mvua matupu. Anayetumia maji ya bomba aondoe kwanza klorini, kwa kuyaacha wazi yakipulizwa hewa kwa siku moja au kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Wajibu wa mwisho unahusu ziwa lenyewe. Dagaa anayeitwa isambaza aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na akawa nguzo ya uvuvi wa Gisenyi, na samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana humo mwaka 2006 na kuanza kushindana naye kwa chakula. Samaki wa tangi, hasa walionunuliwa kutoka mbali, wasirudishwe ziwani kwa sababu yoyote, wala maji ya tangi yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea huko.

Mahali pa kubana matumizi

Vigae si sharti. Tangi lenye utando mzuri linaweza kuishi miaka mingi bila kigae hata kimoja, na ushahidi wa faida ya vigae uko mahali pawili tu, yaani sakafuni, ambako mawe huwekwa na samaki huchimba wanapoandaa viota, na sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma, ambako brashi hupita mara nyingi. Kuta za pembeni na sehemu ya juu hazipati pigo, na kuzifunika ni kuongeza uzito na maungio bila kuongeza usalama.

Kwa hiyo mjenzi ambaye fedha zake hazitoshi kila kitu anajua mahali pa kupunguza. Apunguze vigae, achague poselini ya rangi moja iliyobaki kwenye ujenzi wa nyumba, au aviache kabisa kwa sasa na kuviweka mwaka ujao juu ya utando uliokwisha kujaribiwa. Asipunguze koti la tatu la epoksi, wala kitambaa cha kona, wala siku 7 za jaribio, kwa kuwa uimara wa tangi na uhai wa samaki wake hukaa katika tabaka hilo ambalo mgeni anayelitazama tangi hatalisifu kwa sababu hatajua kwamba lipo.